Sura ya Mtu Asiye wa Hapa

Asubuhi ya siku ambayo wakwe kutoka Mkuu, kule Rombo, walikuwa wanakuja kumposa Loveness, sebule ya wazazi wake ilikuwa na shimo. Halikuwa shimo kubwa. Kuku mmoja angeatamia humo kwa raha zake, wawili wangegombana. Tatizo ni kwamba lilikuwa katikati ya sakafu, pale pale ambapo mtu mwenye akili angeweka kiti cha mgeni wa heshima. Elinipendo alilifunika kwa ubao, juu ya ubao akatandika zulia, juu ya zulia akaweka meza, kisha akarudi mlangoni kuangalia kama uongo wake unaonekana.

"Unaonekana," alisema Loveness, ambaye alikuwa amefunga nywele nusu na nusu nyingine bado. "Meza imeinama, mama."

"Imeinama kwa heshima. Lete kitambaa."

Saruji ya kuziba shimo lile ilikuwepo. Elinipendo aliinunua kwa fedha ya maziwa, akailaza chini ya kitanda isipate unyevu, akawa anaichungulia kila anapofagia. Halafu siku moja akachungulia akakuta vumbi tu na alama ya mfuko. Hakuhitaji kuita polisi. Alimfuata mumewe uani akamwuliza saruji iko wapi, na Yakobo, bila kupepesa macho, akamjibu kwamba ameiazima kwa niaba ya wananchi.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kwandesa ni mji mdogo kwenye miteremko ya Old Moshi, mji wa barabara moja, soko moja, zahanati moja na kamati nyingi, na Yakobo alikuwa katika kamati zote. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, na kwa ufundi alikuwa mtengeneza sanamu za saruji. Wenzake wa Moshi mjini walitengeneza simba wa kuweka mbele ya hoteli. Yeye alitengenezea mji wake. Bomba la njia panda lilipopasuka, hakuliziba tu kama watu wengine. Alilijengea tembo, maji yakawa yanatoka mkongani, na watoto wakaanza kuchelewa shule kwa sababu kila mmoja alitaka kunywa kwa tembo. Pipa la taka la sokoni alilifanya kiboko aliyepanua kinywa, na tangu hapo hakuna aliyetupa ganda la ndizi chini, maana kumlisha kiboko kulikuwa burudani ya bure. Benchi la zahanati tu ndilo lililozua maneno. Alilifanya mamba, na akina mama wajawazito wakasema katika hali ile waliyokuwa nayo hawamkalii mamba. Walisimama foleni nzima wameshika viuno mpaka Yakobo akaja na patasi akamng'oa meno.

Kazi hizo alizifanya bure. Malipo yake yalikuwa makofi, na Elinipendo alipenda kusema makofi hayazibi shimo. Akisema hivyo, Yakobo hujibu, "Hoja imepokelewa." Ni mtu aliyezoea mikutano mpaka nyumbani kwake. Alishawahi kumwomba mkewe chumvi kupitia kiti.

Na saruji ya sebule ilikuwa imekwenda wapi? Ilikuwa imekwenda kuwa mwanamke.

*

Soko jipya la Kwandesa lilipoezekwa, kamati iliamua kwamba mlangoni isimame sanamu ya mama wa sokoni mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Wazo lilikuwa zuri na halikumkosea mtu, mpaka Gladness, muuza mboga ambaye ni jirani wa Elinipendo, alipouliza swali moja dogo: huyo mama atakuwa na sura ya nani.

Mji ukaingia wazimu. Victoria, katibu wa kikundi cha akina mama, akaanza kupita mbele ya nyumba ya Yakobo na mkungu kichwani, anapita akienda, anapita akirudi, mkungu ule ule. Gladness mwenyewe akaleta mayai, akasema ni ya ujirani tu. Bibi mmoja mjane akaleta picha aliyopigwa akiwa msichana, akataka itumike hiyo na si hali ya sasa. Haikupita muda Victoria na Gladness wakawa hawasalimiani, na kwenye bomba la tembo wanawake wakawa wanachota maji kwa makundi.

Yakobo akaitisha mkutano. Ajenda ilikuwa moja: sura.

Elinipendo alikaa ukutani, nyuma kabisa, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya khanga. Kidole chake kidogo cha mkono huo kilipinda siku ng'ombe alipokurupuka na kamba, hakikunyooka tena, na mbele za watu alikuwa hakionyeshi. Hakuwa amepeleka mayai wala picha, kwa sababu aliona mke wa fundi hana haja ya kupeleka mayai. Alikuwa amebeba ndizi kwenye soko lile tangu lilipokuwa vibanda vya majani. Alingoja mtu ataje jina lake. Walitajwa wengi, na mmoja wao hata haishi Kwandesa siku hizi, lakini yeye hakutajwa, wala mumewe hakumwangalia.

"Ndugu wananchi," alisema Yakobo mwishoni, "ili kulinda amani tuliyonayo, napendekeza sura iwe ya mtu asiye wa hapa."

Watu walipiga makofi kwa nguvu, kila mmoja akifurahi kwamba mwenzake amekosa. Elinipendo naye alipiga. Aliumia, na kilichomuumiza zaidi ni kwamba uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki.

Siku ya gulio iliyofuata, Yakobo alirudi nyumbani macho yanang'aa kama ya mtu aliyeokoka.

"Mama Loveness, leo nimetukanwa."

"Na nani?"

"Simjui. Muuza maharage, katokea upande wa Rombo. Nimemwambia arudishe magunia nyuma ya mstari. Akaniambia mstari ndio urudi nyuma ya magunia."

"Na wewe ukafanyaje, mwenyekiti?"

"Nikaufuta nikauchora upya." Tayari alikuwa amechana mfuko mtupu wa saruji, ameutandaza sakafuni karibu na shimo, anachora kwa mkaa. "Yule mama ana sura. Akifungua kinywa soko zima linanyamaza. Tazama shavu hili, lione hapa."

Elinipendo aliweka sahani ya machalari mezani kwa kishindo mpaka ndizi zikaruka. "Basi kale huko huko kwenye shavu," alisema.

Tangu siku hiyo Yakobo alifanya kazi nyuma ya ghala la soko, ndani ya turubai, na hakuruhusu mtu achungulie. Jioni alirudi mweupe mpaka kope. Alikuwa akikaa kwenye kigoda cha jikoni kumtazama mkewe akimenya ndizi, mpaka Elinipendo akauliza anatazama nini.

"Ninasubiri chakula," alijibu.

*

Ndiyo maana asubuhi ile ya posa, Elinipendo alimsimamisha mumewe mlangoni na kumfunga kifungo cha juu cha shati kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Unakwenda kuwapokea pale barabara kuu. Ukishawapokea unawaleta moja kwa moja. Hupiti popote na huonyeshi mtu chochote."

"Hoja imepokelewa," alisema Yakobo.

Elinipendo alipaswa kujua. Katika maisha yao yote, hoja iliyopokelewa haikuwahi kutekelezwa.

Wakwe wale ilikuwa mara yao ya kwanza kufika nyumbani hapo. Kijana mwenyewe, Vedastus, alikuwa akipandisha wageni mlimani kupitia Marangu, mtoto mpole, Mkatoliki, na Loveness alimpenda kiasi cha kujifunza jinsi ya kufanya ishara ya msalaba mbele ya kioo. Babake alikuwa marehemu, hivyo msemaji wa ukoo angekuwa baba yake mdogo, mzee Faustin, na mama mzazi angekuja pia. Ndugu za Elinipendo walikuwa wamemtisha vya kutosha. Wa Rombo wanasema watu wa Old Moshi wanajiona, walimwambia, kwa hiyo wakikuta kosa lolote wataondoka nalo. Akawa ameosha hadi mawe ya njiani.

Alikuwa anaonja nyama chumvi simu ilipolia. Alikuwa Gladness, anaongea kwa sauti ya mtu anayejizuia kufurahi.

"Mama Loveness, wageni wako ni wale wa Noah nyeupe, wenye mbuzi?"

"Ndio. Wameshapita hapo sokoni?"

"Hawajapita. Wamegoma. Mbuzi walimshusha, sasa wamempandisha tena."

"Wamegoma kwa nini? Baba Loveness yuko wapi?"

"Yuko juu ya kreti," alisema Gladness. "Anahutubia."

Elinipendo aliweka mwiko juu ya kiti kizuri na hakujali. Nyuma yake Loveness alikuwa ameshatoka mbio na nywele zake za nusu, anasema, "Baba ameniua, mama, baba ameniua," kama anayesoma tangazo. Walishuka njia ya migombani, na kwenye kona ya kihamba chao, shamba la nyumbani, Elinipendo akasimama ghafla, akarudi hatua, akakata jani la isale kwenye mpaka, akalifunga fundo huku anakimbia.

Isale ni majani tu kwa asiyejua. Wao huyapanda mpakani kutenganisha kihamba na kihamba, lakini mtu akikuletea jani lake limefungwa fundo anakuomba msamaha, na kulikataa ni kuita balaa nyumbani kwako. Hilo Mlutheri analijua na Mkatoliki analijua. Mchungaji ana masale kwenye mpaka wake na padri anayo kwenye wa kwake, na hakuna aliyewahi kuyang'oa.

*

Soko lilikuwa limejaa. Ilikuwa wiki ya Krismasi, watu wamerudi kutoka Dar na Arusha na magari yao, na wote walikuwa wamesimama kwenye duara kubwa kuzunguka kitu kimoja. Elinipendo alipenya kwa viwiko.

Turubai lilikuwa chini. Juu ya jukwaa la mawe alisimama mwanamke wa saruji, mkubwa kuliko mtu, mkungu kichwani, mkono wa kushoto umeushika mkungu, wa kulia umenyooshwa mbele kana kwamba unaamrisha barabara isogee. Kinywa kilikuwa wazi. Ungeapa kuna neno linakuja. Elinipendo alitazama lile shavu, shavu alilolisikia mpaka akachoka, na kwa uchungu akaona kwamba ni kweli. Yule mama alikuwa na sura.

Yakobo, juu ya kreti la soda, alikuwa anatoka jasho.

"Ndugu wageni, ndugu wananchi, naomba tuelewane kwamba nia ya kamati ilikuwa njema…"

"Kamati siijui," alisema mzee mrefu mwenye koti la suti na kofia. Huyo ndiye alikuwa Faustin. Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Elinipendo zaidi. "Mimi nimekuja kuomba binti. Umenisimamisha hapa ukasema kuna kitu kizuri unataka tuwe wa kwanza kukiona. Ukavuta turubai, nikamwona shemeji yangu Digna, mama wa huyu kijana, amesimama ndani ya saruji. Kwetu, mbe, mtu anawekewa saruji akishakufa. Kaka yangu tulimmwagia mwaka juzi. Na mkewe ninyi mmeshamwandalia?"

Watu waliguna. Yakobo aliacha sauti ya mkutano.

"Sikujua ni mama wa Vedastus," alisema. "Sikujua hata jina lake."

"Ndiyo mbaya zaidi. Humjui jina, umemchukua sura."

Vedastus alisimama kati ya gari na umati, mkono mmoja ameshika kamba ya mbuzi, akimwangalia Loveness kama mtu anayeangalia basi likiondoka. Loveness alikuwa analia kimya, na machozi yalikuwa yanamchorea mistari kwenye poda. Elinipendo alimwona mwanawe hivyo na akasahau mambo yote ya sura. Alitaka kitu kimoja tu chini ya jua, watu hawa wasigeuze gari.

Alikwenda mbele, akapiga goti kidogo, akanyoosha jani la isale kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba. Mimi ndiye mama wa binti. Kosa ni la nyumba yangu. Tunaomba msamaha."

Faustin alilitazama jani muda mrefu. Hakuweza kulikataa, na umati mzima ulijua hawezi. Lakini mzee yule alikuwa amekaa kwenye mabaraza mengi kabla ya kuja Kwandesa.

"Marahaba, mama. Isale nimeliona na nimeliheshimu. Ila aliyekosewa si mimi. Mwenye sura yuko kwenye gari la nyuma, amesimama Kiboriloni anabishana na muuza vitambaa. Atakuja. Akilipokea, tunapanda kwako. Akisema turudi Mkuu, tunarudi, na mbuzi wetu."

Basi wakangoja. Elinipendo alibaki amenyoosha mikono, maana kushusha isale lisilopokelewa ni aibu nyingine. Yakobo alishuka kwenye kreti, akaja akasimama nyuma yake.

"Mama Loveness," alinong'ona.

"Usiseme kitu."

"Nilitaka tu kusema…"

"Kiti kimekataa," alisema Elinipendo.

*

Gari la pili lilikuja na vumbi lake. Mwanamke aliyeshuka alikuwa mnene, mfupi kuliko sanamu, kitambaa kipya kichwani bado kina karatasi ya bei. Alikuwa anasema kabla hajafika chini. Kisha akaona, na soko zima likanyamaza, kama Yakobo alivyowahi kueleza.

Digna alimzunguka mwanamke wa saruji polepole. Alitazama kisigino, akatazama mkunjo wa kitenge, akarudi mbele, akaegemeza kichwa upande mmoja. Mbuzi alilia na hakuna aliyemjibu.

"Nani kafanya?"

"Mimi, mama," alisema Yakobo.

Alimkazia macho. "Wewe si yule wa mstari?"

"Ndiye."

"Uliurudisha tulipoondoka?"

"Hapana. Uko pale pale ulipotaka."

Kuna mtu alicheka nyuma akajifanya anakohoa. Digna alirudi kwenye sanamu, akainyooshea kidole usoni, na kwa muda wakawa wanaamrishana wawili wao.

"Pua umeipunguza. Mimi pua yangu si ya kuonea aibu."

"Saruji ilipungua, mama."

"Na hata hiyo iliyokuwepo ilikuwa ya sebule yangu," alisema Elinipendo. Lilimtoka tu. Alikuwa ameinama muda mrefu mno.

Digna alimgeukia kwa mara ya kwanza. Alitazama isale, kisha akatazama mikono iliyolishika, na hapo macho yake yakaganda. Aliangalia juu kwenye mkungu. Akashuka tena kwa Elinipendo. Akaangalia juu.

"Faustin," alisema, "uso ni wangu. Mdomo ni wangu, hata marehemu angeapa. Lakini mkono ule si wangu. Mimi kidole changu hakijapinda."

Watu wote wakainua shingo. Juu kule, kwenye mkono wa kushoto uliokumbatia mkungu, kidole kidogo kilikuwa kimekaa pembeni ya vingine, kimepinda kwenye kiungo cha pili, kimejitenga kidogo. Hakikuwa kimefichwa. Fundi alikitengeneza kwa uangalifu kuliko pua, kuliko shavu. Mkono wa kulia nao, ule unaoamrisha, ulikuwa na kovu la kisu cha kumenyea ndizi chini ya kidole gumba.

Elinipendo aliona kwamba ni mikono yake mwenyewe. Alikumbuka kigoda cha jikoni, mtu mweupe mpaka kope anayesubiri chakula. Furaha ilimpanda kwa nguvu mpaka akaogopa atacheka mbele ya wakwe, halafu akacheka kweli, na machozi yakaja hapo hapo, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

"Mwenyekiti," Victoria alisema kutoka kwenye umati, sauti yake kavu, "tulipitisha mtu asiye wa hapa."

"Tulipitisha sura, katibu," alisema Yakobo. "Mikono haikuwa kwenye ajenda."

Digna aliinyaka mikono ya Elinipendo pamoja na isale lake, akaiinua juu watu waione, kidole kilichopinda na vyote.

"Dada, pole kwa kuinama. Faustin, najua unaona hawa watu wamenizika. Mimi naona wameshatuoza. Kichwa cha Mkuu, mikono ya Old Moshi, na mzigo ni mmoja. Sasa huko juu tunakwenda kujadili nini?"

Faustin alivua kofia, akajifuta paji la uso, akaivaa tena. Alikuwa anatafuta mahali pa kushukia bila kuanguka, na Elinipendo alimwonea huruma.

"Mbuzi, shemeji," alisema. "Mambo ya mbuzi bado tunajadili."

"Basi mshusheni mbuzi."

Vedastus akamshusha mbuzi kwa mara ya pili siku ile, na Kwandesa nzima ikashangilia kama timu imefunga. Akina mama walipiga vigelegele, wakiwemo wale wasiosalimiana. Gladness na Victoria walijikuta wamekumbatiana, wakaachana haraka, halafu wakaona haina maana wakakumbatiana tena.

*

Posa ilikwenda kama maji ya mfereji. Mbege, pombe ya ndizi ya Rombo, ilisifiwa na machalari ya Old Moshi yakasifiwa, na kila upande ulidanganya kidogo kwa adabu. Mchungaji au padri, ndoa ifungwe wapi, hilo waliliweka kando mpaka mwakani kwa kura zote. Aibu ilikuwa moja tu. Meza ilikuwa imesogezwa ili watu wapate nafasi ya kucheza, kiti cha mzee Faustin kikawekwa juu ya zulia, na wakati anatamka idadi ya ndama, ubao ukapasuka na mguu wa nyuma ukazama. Alishuka taratibu, upande mmoja, na kikombe chake mkononi, bila kumwaga hata tone.

Mzee alitazama shimo, akamtazama Yakobo.

"Hapa ndipo ilipotoka pua ya shemeji?"

"Hapa hapa, baba," alisema Elinipendo.

"Basi lizibeni kwa heshima," alisema Faustin, na kesho yake alituma mifuko miwili ya saruji kutoka Himo, na maagizo kwamba akabidhiwe mama wa nyumba na si mwenyekiti.

Jioni, magari yalipoondoka, Yakobo alimkuta mkewe anaosha sufuria uani. Akachuchumaa upande wa pili wa beseni, akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani ambayo haikuwa imeoshwa. Elinipendo alimwacha kwa muda.

"Kidole ungekinyoosha basi," alisema. "Watu wote Kwandesa wamekiona."

"Nilikinyoosha mara ya kwanza."

"Ikawaje?"

"Ikawa mkono wa mtu mwingine. Nikauvunja."

Elinipendo alisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshang'aa. Alitaka kumwambia jinsi alivyokaa ukutani siku ya mkutano na kungoja, lakini furaha aliyokuwa nayo haikuacha nafasi ya kesi ya zamani. Alimnyang'anya ile sahani chafu, akairudisha kwenye maji.

"Hoja imepokelewa," alisema.

Asubuhi, kabla soko halijafunguliwa, Gladness alimwona Elinipendo akishuka na ndoo ya maji na kitambaa, khanga amejifunga kiunoni, mikono nje. Alivuta kreti la soda, akapanda, akaosha mikono ya mama wa saruji, kidole kwa kidole, na kile kilichopinda akakirudia mara mbili. Uso aliuacha na vumbi lake. Gladness akauliza mbona huko juu usoni hamalizii.

"Huko kuna wenyewe," alisema Elinipendo, akimwaga maji yaliyobaki kwenye miguu ya sanamu. "Wanakuja wiki ya harusi."